Pera Lisiloliwa

Kikombe cha juisi ya machungwa kilitua mezani kikifuka mvuke, na Vifungo akakitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote. Mama mkwe wake alikuwa ameshakaa kando, mikono juu ya magoti, akingoja. Hakuwa mtu wa kukaripia. Alikaa tu hivyo, macho kwenye kikombe, mpaka tone la mwisho lishuke. Juisi ilikuwa imechemka mpaka ikageuka rangi, ikawa kama maji ya kutu, na ladha yake ilikuwa ya sukari na maganda.

"Kunywa ingali moto, mwanangu. Ikipoa inzi wanapata nafasi."

Akanywa.

Ua lile lilikuwa la vyumba vingi na bomba moja, na wapangaji wote walimwita mama mkwe huyo Bibi Mvuke. Kuchemsha maji ya kunywa, hilo kila mwenye akili alifanya. Yeye alichemsha na nyanya za kachumbari, na matango, na papai. Walisema ukimpa barafu ataitafutia sufuria. Jirani mmoja aliapa kumwona siku moja akilitazama tikiti maji, kisha akaitazama sufuria, kisha akalitazama tena tikiti, akipima kwa jicho. Watu walicheka, naye akacheka nao, huku akipuliza jiko.

Lakini hakuna aliyecheka sana, kwa kuwa kisa chake kilijulikana. Kifungua mimba wake, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia, aliokota tunda lililoanguka akalila kabla ya mtu kumwona. Tumbo likamwendesha, na usafiri wa kwenda hospitali ulipopatikana haukuwa na wa kumbeba tena. Mwana aliyefuata, ambaye sasa ni mume wa Vifungo, alikua mpaka akaota ndevu bila kutafuna kitu kinacholia menoni.

Siku hiyo Vifungo alikuwa ametoka kliniki. Muuguzi alimfunua kope, akamtoboa kidole, akaguna. Damu ilikuwa chache. Alimwambia kama haitapanda kabla ya miezi kutimia, pale kliniki ya jirani hawatamzalisha. Atapelekwa hospitali kuu, upande wa pili wa mji, na ndugu wa kumtolea damu, na amwombe Mungu uchungu usubiri foleni za barabarani. Akamuuliza vidonge vya kuongeza damu anamezea nini. Chai, akajibu. Muuguzi akatikisa kichwa, akasema chai inavifungia mlango, tunda ndilo linalofungua. Ale pera au chungwa, bichi, lililooshwa vizuri, maana vitamini C iliyomo haipatani na moto. Moja kwa siku linatosha.

Hilo la moja lilisemwa mlango ukiwa wazi na mama mwingine ameshaingiza mguu. Vifungo alikuwa amebeba neno bichi, na lilimwelemea hata la pili likamdondoka njiani.

Jioni alijaribu kulisema. Alilisema kwa kuzunguka, kama mtu anayepita nyuma ya nyumba kumkwepa mbwa: kwamba muuguzi ameyasifu sana machungwa, kwamba hata mapera ni mazuri, kwamba eti moto unaipunguza ile vitamini inayosaidia damu. Mama mkwe akaacha kuchagua mchele.

"Huyo muuguzi amezika mtoto?"

"Sijui, mama."

"Basi tumsamehe."

Akarudi kwenye mchele wake. Kesho yake machungwa yalinunuliwa mengi kuliko kawaida, yakakamuliwa yote, yakachemshwa yote. Kikombe cha asubuhi, kikombe cha mchana ndani ya chupa ya chai, kikombe cha jioni. Neno la muuguzi lilikuwa limesikika. Lilikuwa limepikwa tu.

* * *

Kazi yake ilikuwa kushona vifungo katika karakana ya sare za shule, na jina lilitokana na kazi. Mashati yalimfikia yamekamilika ila kifuani, yeye akayafunga midomo, moja baada ya jingine, kutwa. Mimba ilipokua, meza ikawa mbali na mikono, akajifunza kukaa upande.

Wakati wa mapumziko wafanyakazi walitoka getini, na hapo getini, juu ya kreti iliyopinduliwa, alikaa Mama Mapera. Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Alikuwa na beseni, kisu, dumu la maji na kopo la chumvi. Aliliosha pera mbele ya mnunuzi, akalipasua mara nne bila kuliachanisha, likafunguka kiganjani kama ua, akalinyunyizia chumvi. Harufu yake ilivuka geti ikaingia mpaka kwenye mashati.

Tangu aone tumbo la Vifungo linajitokeza, alikuwa akitenga pera moja, lililoiva bila kulainika, analiweka pembeni juu ya kitambaa.

"Hili la mtoto," alimwambia kila siku.

"Kesho, mama."

"Kesho yako haijui kucha, wewe."

Wengine wakacheka, na Vifungo akacheka, akafungua chupa yake ya chai na kujimiminia maji ya kutu. Alikuwa ameahidi. Mama mkwe alimshika tumbo kwa viganja vyote viwili akamwomba asitie mdomoni kitu cha barabarani mpaka ajifungue, na yeye akasema ndiyo. Ni mwanamke aliyemkanda miguu ilipovimba, akamfulia hata nguo ambazo mtu huona haya kufuliwa. Kumkatalia huyo kitu kimoja alichoomba kungehitaji moyo ambao Vifungo hakuwa nao. Kwa hiyo alilitazama lile pera, akameza mate, akarudi kwenye vifungo. Mara mbili wiki ile kizunguzungu kilimshika akiwa na sindano mkononi.

* * *

Mume alikuwa fundi wa sofa. Kutwa alikaa na misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi na kuigongelea kitambaa, na pengine ndiyo sababu hakuzoea kuongea. Baina ya mama na mke alikuwa mtu wa kuitikia pande zote. Lakini hakuwa kipofu. Aliona kope za mkewe zilivyopauka, na siku mteja mmoja aliyerudi safari ya ng'ambo alipomzawadia kichupa cha vidonge vya povu, alikileta nyumbani amekificha chini ya mkono kama mwizi.

Kichupani palichorwa chungwa lililopasuliwa, na chini yake tarakimu kubwa: elfu moja. Vifungo akauliza elfu moja ya nini.

"Ya vitamini C, ya nini tena? Kama ingekuwa mbaya wangeiandika ndogo."

Akamweleza mpango wake, na kwa mtu wa maneno machache ulikuwa mpango mrefu. Mama asiambiwe kitu. Aendelee kuchemsha, maana asipochemsha atalia, na akilia yeye nyumba nzima italia. Mke naye apokee kikombe kwa adabu, akibebe chumbani kana kwamba anakipoza, atumbukize kidonge kimoja, anywe.

"Kila anachokitoa mama kwa moto, wewe kirudishe kwa kidonge," alisema. "Mama ana sufuria yake, wewe una dawa yako, na mimi nina amani yangu."

Vikombe vilikuwa vitatu kwa siku. Basi na vidonge vikawa vitatu, cha mchana akienda nacho kazini. Hakuna kati yao aliyeona hapo jambo la kuuliza. Kama kimoja ni kizuri, vitatu ni wema mara tatu. Povu lilipoanza kuchachatika Vifungo alikifunika kikombe kwa kiganja ili mlio usivuke pazia. Juisi ilirudi kuwa na rangi, ikawa ya chungwa kuliko chungwa lenyewe. Alikunywa mpaka chini, akatoka na kikombe kitupu, na mama mkwe akamtazama kwa furaha ambayo ilimchoma.

* * *

Tumbo lilianza kwa mngurumo. Alidhani ni mtoto anageuka. Halafu likamkata, na likamwendesha, na tangu hapo hakupata raha.

Choo cha ua kilikuwa kimoja. Alijifunza kubisha mlango na kumsihi aliyemo ndani kwa sauti ya chini, na aliyemo ndani akajifunza kujibu kwa sauti ya juu, ili ua zima lijue nani anaharakisha nani. Kazini ilikuwa mbaya zaidi. Msimamizi wa karakana, mwanamume aliyevaa futi ya kupimia shingoni ingawa hakuna aliyewahi kumwona akipima kitu, alianza kumsindikiza kwa macho kila alipoinuka. Siku ya pili aliuliza mbele ya wote kama mshahara siku hizi unalipwa kwa vifungo au kwa safari za uani. Wasichana wa mashine wakainamia mashine zao. Mmoja akacheka, kisha akaona haya.

Hakuna aliyevishuku vidonge. Dawa haishukiwi. Mumewe alishauri asiache hata kimoja, mwili unapigana na maradhi na unahitaji silaha. Akaendelea: asubuhi, mchana, jioni.

Mama mkwe alipogundua kuwa anaharisha, aliacha jiko. Alimfuata chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akiwa amekalia bila kujua godoro lililokifunika kile kichupa.

"Mwanangu. Umekula nini kibichi?"

Alisema hajala kitu.

"Usinifiche. Mimi hili tumbo nalijua. Nimelipakata. Umekula nini?"

Fundi alisimama mlangoni, misumari bado mdomoni, akitazama sakafu. Vifungo akamtazama yeye, kisha akamtazama mama. Angesema vidonge. Lakini vidonge vilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa pale mlangoni. Na nyuma ya vidonge vilipangana vikombe vyote vile alivyovipokea kwa mikono miwili, akavirekebisha kwa siri kama chakula cha mpishi asiyejua. Mama angehesabu kila kikombe. Ilikuwa rahisi zaidi kutafuta kitu kisicho na mwenyewe humu ndani.

"Pera," alisema.

"La nani?"

"La pale getini, kazini."

Mama mkwe akafumba macho. Hakumlaumu. Alimvuta kichwa akakilaza mapajani mwake, akamwambia si kosa lake, mimba ina tamaa, kosa ni la anayeuza. Vifungo alilala pale, kitako cha kichupa kikimsukuma mgongo kupitia godoro, akaliacha neno liende lilikokwenda.

* * *

Lilikwenda getini kesho yake, wakati wa mapumziko, limevaa mtandio mzuri wa kutokea.

Vifungo alikuwa anatoka na wenzake alipomwona mama mkwe amesimama mbele ya beseni, chupa ya chai kwapani. Mama mkwe hakuwa anapiga kelele, na afadhali angepiga. Alimsalimu muuzaji, akamuuliza kwa adabu kama yale maji ya kuoshea yamechemshwa. Mama Mapera akacheka, akidhani ni utani, akasema ni maji ya bomba, dada yangu, kama ya watu wote.

"Basi umemlisha mkwe wangu uchafu. Ana mimba, na anaharisha mpaka anashika ukuta. Pera lako."

"Mkwe wako ni nani?"

Mama mkwe akamwonyesha. Mama Mapera akageuka, akamtazama Vifungo, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekwisha kupata shahidi.

"Huyu? Dada yangu, huyu hajawahi kula pera langu hata moja. Mimi namtengea, yeye ananiambia kesho. Lile pale, la leo." Akalionyesha pera lililokaa peke yake juu ya kitambaa. "Muulize mwenyewe, si huyo hapo?"

Wote wakamgeukia. Msimamizi naye alikuwa ametoka, futi shingoni, akataka kujua kuna mkutano gani getini kwake. Akaelezwa. Akamuuliza Vifungo, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, kama amekula au hakula.

Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa jepesi. Lakini alimwona mama mkwe alivyosimama, mkono umeikumbatia ile chupa kana kwamba amebeba kitu kilicholala. Tumbo likamkata wakati uleule. Akalishika, akainamisha macho. Na kuinamisha macho mbele za watu ni jibu.

Msimamizi alisema alishachoka na maganda ya huyu mama. Sasa yamekuja na magonjwa, kesho wazazi watasema ni sare zinazowaendesha watoto. Akamwambia akusanye vitu vyake, na pale asionekane tena. Mama Mapera hakubishana. Alifunika kopo la chumvi, akaosha kisu kwa yale maji yake, akayamwaga yaliyobaki. Pera la pembeni aliliokota mwisho, akalifuta kwa kitambaa, akalirudisha kwenye beseni pamoja na mengine. Alipojitwisha, alipita karibu na Vifungo.

"Mwanangu," alisema taratibu, "ungesema tu kwamba hupendi mapera."

* * *

Asubuhi iliyofuata Vifungo alianguka njiani kutoka bombani, ndoo ikamwagika, na majirani waliokuwa wakibishiwa mlango wa choo wakambeba mpaka kliniki. Mumewe na mama mkwe walikwenda naye. Waliingia chumba cha muuguzi wote watatu, mlango ukabaki wazi, kwa sababu benchi la akina mama lilikuwa limejaa hadi kizingitini.

Muuguzi alimnywesha maji ya chumvi na sukari, akamsikiliza mtoto, akatulia kidogo kusikia moyo unadunda. Ndipo akauliza. Mama mkwe akaeleza habari ya pera, kwa utulivu wa mtu anayejua anachosema. Muuguzi akasikiliza, akauliza lilikuwa pera moja au mengi. Moja, mama mkwe akasema. Muuguzi akasema pera moja la juzi halimwendeshi mtu siku zote hizi bila homa. Akamgeukia Vifungo, akamuuliza kuna kingine anachotumia.

Vifungo akamtazama mumewe. Aliyejibu ni fundi, mdomo wake safari hii hauna misumari. Alitia mkono mfukoni, akakitoa kichupa alichokichomoa chini ya godoro asubuhi ile, akakiweka mezani.

Muuguzi akasoma. Akauliza vingapi kwa siku, na fundi akainua vidole vitatu, kama mtoto wa shule.

"Baba, kidonge kimoja cha hivi ni zaidi ya machungwa kumi. Umempa mkeo machungwa kama arobaini kwa siku. Mwili wa mjamzito hautaki hata mawili. Ukizidisha namna hii tumbo linamwaga. Na mimi nilimwambia tunda moja. Moja tu."

Kisha mama mkwe, polepole, akauliza juisi zake nazo zilikuwa na kosa gani. Muuguzi akauliza zinatengenezwaje. Mama mkwe akaeleza: zinakamuliwa, zinachemshwa, zinachemshwa sana. Muuguzi alikuwa mtu mchovu, hakuwa mtu mbaya.

"Basi, mama yangu, ulikuwa unampa maji ya sukari."

Kwenye benchi mtu akacheka puani. Mama mkwe akaufunga vizuri mtandio wake, ingawa haukuwa umefunguka.

Muuguzi akampima damu. Haikuwa imepanda, ilikuwa imeshuka. Akaandika rufaa ya hospitali kuu. Akamwambia mama mkwe, sasa kwa sauti ya chini, kwamba hofu yake ina haki lakini aielekeze kwenye maji: achemshe maji, yapoe, aoshee tunda. Tunda lenyewe aliache kama Mungu alivyoliumba. Vile vidonge vya povu akavifungia kwenye kabati lake.

Walirudi kwa miguu, polepole, fundi mbele. Walipofika karibu na nyumbani mama mkwe akauliza.

"Lile pera. Ulilila?"

"Hapana, mama."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akatembea hatua kadhaa.

"Kwa hiyo yule mama alisema kweli, na tukamfukuza."

"Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyesema uongo."

"Wewe ulisema chumbani. Mimi nilikwenda kulisema barabarani."

Hakuingia ndani. Aligeuza njia, akaenda getini pale karakana, na Vifungo akamfuata ameshika tumbo. Kreti haikuwepo. Mahali pale palikuwa pamemwagwa oili chafu ya mashine, nyeusi, ili mtu asikae tena. Walimuuliza mlinzi huyo mama anaishi wapi. Mlinzi akasema hajui. Wakauliza anaitwa nani. Akasema Mama Mapera.

* * *

Tangu hapo sufuria ilichemsha maji tu. Kila jioni mama mkwe aliliosha pera kwa maji yaliyochemka yakapoa, akaliosha tena, akalipasua. Kipande cha kwanza alikula yeye. Kisha alikaa, mikono juu ya magoti kama zamani, akingoja kuona kama litamfanya kitu. Alikuwa hajala tunda bichi tangu amzike mwanawe, na kila alipotafuna macho yalimlowa. Akishatulia alimsogezea mkwewe vilivyobaki, pamoja na kidonge cha damu. Na kabla hajala, alimuuliza habari za yule mama wa getini.

"Umemuona?"

"Bado, mama."

Damu ilipanda kidogo, si ya kutosha. Siku zilikuwa zimekwisha kuliwa. Uchungu ulipokuja, foleni za barabarani hazikujua mwenye uchungu ni nani. Alifika hospitali kuu, lakini alipoteza damu nyingi. Fundi alitoa yake, na fundi mwenzake akatoa yake. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kiasi ambacho angeenea kwenye droo ya vifungo, lakini analia, na anayelia yupo. Mama mkwe alimpokea, akamtazama kwa muda mrefu, akauliza wauguzi kama anaruhusiwa kumshika.

Vifungo aliporudi kazini alikuta meza yake amepewa mwingine, akahamishiwa kwenye kupiga pasi. Siku moja akitoka, mtoto mgongoni, alimwona mwanamke upande wa pili wa barabara, ametundika mikononi nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, vifurushi kwa vifurushi. Alimtambua kwa mwendo. Akavuka, karibu agongwe, akamwita mama.

Mama Mapera alimtazama, akamzunguka kidogo ili amwone aliyeko mgongoni.

"Ulijifungua salama?"

"Salama, mama. Naomba..."

"Haya, tushukuru. Wa kike?"

"Wa kike. Mama mkwe wangu anakutafuta. Kila siku ananiuliza. Anataka kuja mwenyewe akupigie magoti."

Mwanamke akahamisha vifurushi kutoka mkono huu kwenda ule.

"Mwambie asinitafute. Akija nitatakiwa nisamehe, na watu watamsifu yeye kwa kuja. Mimi nina kazi." Akatazama lango la karakana, kisha barabara. "Matunda siuzi tena. Yanaoza upesi, nayo yanataka mahali pa kukaa. Hivi natembea navyo. Utanunua?"

Vifungo akanunua. Alitaka kuacha chenji. Mwanamke akamrudishia yote, akaihesabu kiganjani mwake, akaendelea na njia.

Nyumbani pera lilikuwa limeshaoshwa, limepasuliwa, limefunguka juu ya sahani. Mama mkwe alimpokea mtoto, akambusu utosi, akakiona kile kifurushi mezani. Akasema mbona chuma cha kusugulia wanacho. Vifungo akasema hiki ni kizuri zaidi.

Mama mkwe akakaa. Akala kipande chake, akangoja, akavisogeza kwa mkwewe vipande vilivyobaki.

"Umemuona?"

Vifungo alilitazama pera. Mtoto alikuwa amelishika dole gumba la bibi yake, hataki kuliachia.

"Bado, mama."

"Haya," mama mkwe akasema. "Basi kesho."